Alipojikwaa

Karatasi ya hospitali imeandika: bafuni.
Vyuma viwili vya kushikia, saini, muhuri, tarehe.
Nikapanda kilima na sanduku la keekee,
theluji ya Otaru ikinifika magotini,
nikamkuta Bi Hatsue mlangoni ameegemea kabati la viatu,
anatabasamu kama mtu aliyefumaniwa.

"Ni hapa," akasema, akanionyesha kigae.
Nikakitazama. Kigae hakina kosa.
Kimelala pale tangu mwaka wa kwanza wa ndoa yake,
kikavu, kimya, kinasingiziwa.

Wahenga hawakuwa maseremala, lakini kazi hii walinifunza wao:
usitazame ulipoangukia, tazama ulipojikwaa.
Basi nikarudi kinyumenyume kutoka bafuni
kama anayetafuta sindano.

Ndara za marehemu, kubwa kuliko mguu wake kwa namba nne.
Huzivaa kwa kuwa zimebaki.
Waya wa meza ya kupashia miguu, umekatiza njia.
Kidonge cha usingizi, kidonge cha presha,
na kile cha tatu alichoandika daktari wa zamani
ambacho daktari mpya hajaambiwa.
Kibofu humwamsha saa nane za usiku. Hakikosi zamu.

Jicho la kushoto lina mtoto.
"Binti yangu yuko Sapporo," akasema,
"huyu ndiye ninayeishi naye."
Tukacheka. Kisha hatukucheka.

Nikabonyeza swichi ya ujia. Giza.
Iliungua lini?
Akahesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu.
"Wiki ya matanga."
Miaka miwili, basi. Balbu iko juu,
na aliyekuwa akipanda kigoda hayupo.

Sikuuliza zaidi. Alisema mwenyewe,
akiupangusa mkebe wa chai usio na vumbi:
hii si mara ya kwanza.
Mwezi wa tisa aliangukia jikoni,
akavaa mikono mirefu wiki tatu
ili binti asiione michubuko.
Anakijua kinachofuata mtu akisema:
makao yenye korido pana, chakula cha jioni saa kumi na moja,
funguo za nyumba mkononi mwa dalali.
Tangu siku ile haendi sokoni. Hofu humletea kila kitu kitini.
Na miguu ikikosa kazi
hufanya kama wafanyakazi wote:
huondoka.

Nikatoboa ukuta. Nikabadilisha balbu.
Waya nikaupigilia ukingoni mwa sakafu.
Ndara nikamwambia aziweke mahali pa kumbukumbu,
miguu ainunulie viatu vinavyokamata kisigino.
Dawa zote, hata za zamani, azitie kwenye mfuko mmoja
akazimwage mezani kwa daktari.
Mtaalamu wa viungo, binti Madoka, amemwanzisha
kusimama kwa mguu mmoja, kashika sinki, hadi wali uive.
"Kwa sasa," akaninong'oneza, "hata maji hayapati moto."

Nilikuwa nimekwisha funga sanduku, navaa viatu,
nikasikia kengele ndogo ya shaba.
Amepiga magoti mbele ya picha ya Kinjiro,
udi unafuka, kama kila asubuhi.
Akainuka upesi, kwa adabu, maana mgeni yupo,
na uso ukapauka,
mkono ukapapasa hewa, ukapapasa
pale ambapo bega la mtu lingekuwa.

Karatasi iliandika pa jana.
Hapa ni pa kesho.

Nikavua viatu tena.
Chuma cha tatu hakimo kwenye orodha, bima hailipi.
Nilikuwa na kipande cha mwaloni kilichosalia kwa mteja mwingine;
nikakipima kwa kifundo cha mkono wake, nikakikaza ukutani.
"Ukiinuka, shika. Hesabu kumi kabla ya hatua ya kwanza."
"Kumi ni nyingi, fundi."
"Basi mpe habari moja ya leo. Itatosha kumi."

Akaweka kiganja juu ya mbao, akainuka polepole,
kama mtu anayejaza kikombe hadi ukingoni.
"Kinjiro," akasema,
"taa ya ujia inawaka."